Mashine Tatu na Macho ya Mzee Fulgensi

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza saa tisa alasiri na haijakata. Dr. Beatus, mkuu wa mradi, amesema kila mtu kwenye mradi awe na kumbukumbu zake. Za mradi nitaziweka kwenye kompyuta kama watu wengine. Humu nitaandika yale ambayo kompyuta haitaki kuyasikia.

Kama umeliokota daftari hili, ni la Tekla, fundi sanifu wa maabara, kituo cha utafiti hapa Ifakara, yule mfupi anayetembea haraka. Lirudishe bila kusoma.

Kazi ya masika haya ni moja. Tuna mashine tatu za kutafuta malaria kwa mwanga, na mwisho wa Mei Dr. Beatus atachagua moja. Itakayochaguliwa itasambazwa zahanati kumi na mbili za bondeni. Mbili zitakazobaki zitaingia kabatini, na sijawahi kuona kitu kikitoka kwenye kabati lile.

Moja ni ya kwangu. Nimeiunda mwenyewe kwa miaka minne, mota nimeitoa kwenye printa mbovu ya ofisi ya uhasibu. Tunaiita Pia kwa sababu inazunguka kama pia ya watoto. Ya pili imetoka nje ya nchi, ndani ina kioo chenye majimaji kama kile cha kikokotoo, ukiipa umeme majimaji yanajipanga upya. Tunaiita Uji. Ya tatu ni ya Deus, mwenzangu wa maabara. Ina kipande cha kioo kinachotetemeka mara elfu hamsini kwa sekunde, na Deus mwenyewe anajivuna karibu mara hizo hizo. Hiyo tunaiita Kengele.

Nataka Pia ishinde. Nimeandika, sasa nimepumua.

Machi 4

Umeme umekatika mara nne. Kengele imezimika mara nne. Deus amenuna mara nne.

Machi 9, Jumapili

Baada ya misa mama kaniuliza mbele ya wenzake wa jumuiya, "Hivi wewe huko kazini unafanya nini hasa?" Miaka sita niko pale na bado anaona aibu kujibu watu.

Nikamshika mkono hadi kwenye uzio wa miti wa jirani. Nikapitisha kamba ya nguo katikati ya miti miwili, nikamwambia ashike upande wa pili. Nikaitikisa juu na chini, wimbi likapita. Nikaitikisa kushoto na kulia, likagonga miti likafa. "Mwanga nao unatikisika hivi," nikamwambia, "ila unatikisika kila upande kwa pamoja. Sisi tunaweka karatasi fulani inayofanya kazi ya huu uzio, unabaki unatikisika upande mmoja. Hiyo ndiyo polaraizesheni."

"Na malaria inaingia wapi?"

"Mdudu wa malaria akila damu anaacha uchafu, vipande vidogo mno, kama chumvi. Mwanga uliopangwa ukipita hapo unapinda kidogo sana. Ili tuuone, tunaugeuzageuza upande wake haraka haraka, halafu tunatazama ni kitu gani kinabadilika sambamba na mgeuzo wetu. Mashine zote tatu kazi yao ni kugeuza tu. Moja kwa kuzunguka, moja kwa majimaji, moja kwa kutetemeka."

Mama akafikiri. "Ipi inageuza vizuri?"

Hilo ndilo swali, nikamwambia, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Akanijibu kwamba kinachoninyima usingizi ni chai, nakunywa vikombe sita.

Machi 17

Leo tumezima kiyoyozi makusudi. Ndani nyuzi ishirini na tano, Uji alikuwa anapata tisini na tano katika kila sampuli mia. Ilipofika nyuzi thelathini na tano akashuka hadi themanini na moja. Majimaji yake yanalegea kwa joto. Kifaa cha kuletwa Ifakara kinashindwa na joto, sijui huko kwao walifikiri huku tunaishi kwenye friji. Deus alicheka na mimi nikacheka, dakika tano nzima tulikuwa marafiki.

Machi 28

Matokeo ya maabara yamekamilika. Kengele tisini na saba. Pia tisini na nne. Uji ni mgonjwa wa joto. Lakini Kengele anataka umeme usiokatika, na Pia anakula betri ya pikipiki siku nzima bila kulalamika, na akiharibika fundi redio yeyote sokoni anamtengeneza. Nimemwambia Dr. Beatus hivyo, nimesimama, siwezi kukaa nikizungumza habari za Pia. Akasema, "Tekla, tusubiri zahanati."

Mwezi wa nne na wa tano kila mashine itakaa zahanati yake. Uji upande wa Sanje, Kengele Malinyi ambako umeme upo, Pia zahanati ya Namhala, mbele ya Mofu, ng'ambo ya mto. Kila mgonjwa atatolewa matone mawili ya damu. Moja litasomwa na mashine, lingine litasomwa kwa hadubini na mtu. Mtu ndiye kipimo. Slaidi zake zitaletwa Ifakara zisomwe mara ya pili na Agnella, msomaji wetu, ili tuwe na hakika.

Aprili 2

Gari hadi Mofu, mtumbwi kutoka hapo. Nimempakata Pia njia nzima na mwavuli nimemfunika yeye, mimi nimelowa hadi mfupa. Mpunga pande zote ni kijani hadi macho yanauma, na kila shamba lina dungu na watu wake juu, wamehama vijijini kwenda kulinda mazao.

Muuguzi wa Namhala anaitwa Dorika, mama mnene, mchangamfu, anayefanya mambo matatu kwa wakati mmoja. Alinipokea kwa chai na mihogo kabla sijamaliza kusalimia. Msomaji wa hadubini ni mzee Fulgensi, miaka hamsini na nane, Mndamba wa hapahapa, mkewe yuko dunguni anafukuza ndege. Amesoma slaidi chumba kilekile miaka ishirini na sita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Subiri."

Nikasubiri. Alikuwa ana slaidi machoni. Anaangalia eneo moja, anasogeza, anaangalia lingine, hadi mia, midomo yake ikihesabu. Dakika kumi na tano kwa mtu mmoja! Benchi nje limejaa. Nilitaka kumshika bega nimtikise. Pia anamaliza kwa sekunde arobaini.

Alipomaliza nikamweleza Pia tangu mwanzo, na uzio na kamba. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Ikikosea, yenyewe inajuaje?"

Nikamwambia haikosei sana. Akatikisa kichwa polepole, akachukua slaidi nyingine. Mzee mgumu.

Aprili 3

Nimerudi. Miguu imevimba kwa tope. Pia yuko Namhala na mimi siko, sijui nifanye nini na mikono yangu.

Aprili 9

Mvua.

Aprili 11

Mvua. Barabara ya Mofu imekatika sehemu mbili. Dorika anatuma matokeo kwa simu kila jioni. Jana wagonjwa kumi, Pia anasema tisa wana malaria. Mzee anasema mmoja.

Aprili 15

Hesabu hadi leo: wagonjwa sitini. Pia hamsini na mmoja. Mzee Fulgensi tisa.

Tisa! Masika haya, mbu wamejaa hadi unawavuta puani, watu wanalala madunguni chandarua kimetoboka, na yeye anaona tisa? Nimezunguka maabara mara nyingi hadi Agnella kaniambia nitoke nje. Slaidi za mzee bado ziko Namhala, sanduku haliwezi kuvuka, mto umepanda hadi kwenye migomba. Vipimo vya haraka navyo vimewaishia tangu Machi.

Aprili 20, Jumapili ya Pasaka

Kanisani sikusikia hata injili. Nilikuwa nahesabu, hamsini na mmoja, tisa. Arobaini na wawili katikati. Mama kanipiga kiwiko mara mbili.

Nimewaza hivi: kama Pia yuko sahihi, basi Pia anaona hata wale wadudu wachache ambao jicho la mtu haliwaoni. Basi Pia si tu anamzidi Kengele, anaizidi hata hadubini. Sijawahi kufurahi namna hii na kuogopa kwa wakati mmoja.

Aprili 24

Nimeandika barua.

Nieleze vizuri, maana nimeiandika mara nne. Ya kwanza nilisema kuna tofauti kati ya mashine na msomaji. Nikaona inaonekana kama Pia anashtakiwa. Ya pili nikasema tofauti inahitaji uchunguzi. Ya tatu nikaongeza kwamba msomaji ni mtu mzima, kwamba chumba chake kina dirisha moja, kwamba Dorika aliwahi kuniambia mzee anashika gazeti mbali anaposoma. Ya nne, ambayo ndiyo niliyomtumia Dr. Beatus saa tano asubuhi hii, inasema: "Kuna uwezekano mkubwa kwamba uoni wa msomaji wa Namhala umepungua na wagonjwa wengi wanarudishwa nyumbani na malaria."

Nilipobonyeza kutuma nilisikia raha. Ndiyo, nakiri. Halafu nikajiambia si raha ya ubaya, nawafikiria wagonjwa. Kama mzee anawapita wenye malaria, mtoto mmoja akifa itakuwaje? Nikajiridhisha.

Deus aliiona kwenye kompyuta yangu. "Dada, slaidi zake Agnella ameshazisoma?"

"Ziko ng'ambo ya mafuriko, unataka niogelee?"

"Si usubiri basi. Unamchoma mzee wa watu."

"Wewe unaogopa Kengele yako itashindwa na mota ya printa. Usinichoshe."

Akainua mikono juu, akaenda zake. Kila mtu kituoni anataka nisubiri. Kungekuwa na kazi ya kusubiri ningeomba nifukuzwe.

Aprili 30

Mvua. Maji yamefika kwenye ngazi ya pili ya nyumba ya jirani.

Mei 2

Dorika amepiga simu. Dr. Beatus alipeleka barua yangu kwa wakubwa wa afya wilayani na wao wameandika ya kwao. Mzee Fulgensi ameondolewa kwenye hadubini hadi macho yake yapimwe. Amewekwa dawati la mapokezi, anaandika majina ya wagonjwa.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Hajasema kitu. Aliifunika hadubini, akaniachia ufunguo." Kisha akauliza, "Sasa dada, vipimo hatuna, msomaji hatuna. Nitumie mashine yako kutibu?"

Utaratibu wa mradi unakataza. Mashine iko kwenye majaribio, haitibu mtu. Lakini nilifikiria lile benchi. Nikamwambia, "Itumie mpaka tupate vipimo." Nilisema haraka, kama ninavyosema kila kitu.

Mei 6

Jua. Siku nzima. Nimefua mashuka yote, hata yasiyo machafu.

Mei 12

Sitaki kuandika. Naandika.

Wiki iliyopita msichana anaitwa Siwema, miaka kumi na tisa, ana mtoto wa miezi minne, alifika Namhala na homa na kikohozi. Pia alisema malaria. Dorika akampa dawa ya siku tatu, akamrudisha dunguni. Siku ya nne homa bado. Siku ya tano wakambeba kwa mtumbwi, kisha pikipiki katikati ya watu wawili, hadi hospitali hapa Ifakara. Ni mapafu. Nimonia pande zote mbili. Malaria hana, wala hakuwa nayo.

Dorika alikuwa analia kwenye simu. "Mashine yenu ilisema, Tekla. Ilisema wazi kabisa."

Na unajua wazo langu la kwanza lilikuwa nini? Kwamba labda alikuwa na malaria ikapona kwa dawa, nimonia ikaja baadaye. Nilimtetea Pia kwanza. Msichana amewekewa oksijeni na mimi natetea mota ya printa.

Mei 14

Sanduku la slaidi limevuka. Agnella ameanza kusoma saa mbili asubuhi. Nimesimama mlangoni kwake hadi akafunga mlango.

Mei 15

Agnella amesoma slaidi mia moja na kumi na mbili za mzee Fulgensi, kuanzia siku ya kwanza hadi siku waliyomtoa. Zote sawasawa. Hata moja hakukosea. Pale alipoandika wadudu wanne, Agnella amehesabu wanne.

Agnella hakunisema. Aliniwekea karatasi mezani na kurudi chumbani kwake. Nimekaa na ile karatasi nikaona haya hadi masikio yanawaka.

Mei 16

Nimekwenda Namhala. Deus alisema anakuja na mimi. Nilidhani anakuja kushangilia, nikamwambia hivyo. Akasema, "Oya, panda gari," na njia nzima hakunitania hata mara moja. Mto umeshuka, mpunga umelala sehemu nyingi, ule uliosimama umeanza kuwa wa njano.

Mzee Fulgensi alikuwa mapokezi na daftari kubwa la majina. Mwandiko wake ni mzuri mno.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibuni." Kama mara ya kwanza, hakuongeza wala kupunguza.

Tulikwenda kwenye chumba cha Pia. Nilipima betri, sawa. Taa, sawa. Mota inazunguka vizuri. Nikafungua kompyuta, nikaanza kupitia programu mstari kwa mstari, jasho linanitoka. Saa nzima. Deus anashika tochi. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

"Weka slaidi tupu," akasema.

"Baba?"

"Slaidi tupu. Haina damu. Weka."

Nikachukua slaidi mpya kwenye boksi, nikaweka. Sekunde arobaini. Pia akasema: malaria.

Nilitaka ardhi inimeze. Slaidi tupu niliipima mara mia kule Ifakara mwezi wa tatu, na kila mara Pia alisema hamna. Huku Namhala sikuwahi kuiweka hata mara moja. Nilimleta, nikamwasha, nikaanza kumpa wagonjwa.

"Ulijua lini, baba?"

"Siku ilipokuja barua. Nilikuwa na nafasi, sina kazi. Nikajaribu."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Nimwambie nani? Mtu akishaandikwa kwamba haoni, halafu aseme kuna kitu nimekiona, nani atamsikiliza?"

Akarudi mapokezi, kuna mgonjwa alikuwa anaita.

Deus alitoa kwenye begi karatasi zake mbili za polaroidi, zile zinazofanya kazi ya uzio. Akaweka moja chini ya dirisha la mashine pale slaidi inapokaa, nyingine juu, akaangalia.  Kisha akaniita niangalie mwenyewe.

Dirisha lote lilikuwa na rangi. Bluu, waridi, njano, kijani, zimepangana kama doti ya kanga mpya. Pazuri, ndivyo nilivyofikiri kwanza, na hapohapo nikaelewa. Nailoni. Juu ya dirisha kulikuwa na nailoni ile angavu ya kujaladia madaftari ya shule, imekatwa vizuri, imebanwa pembeni kwa gundi, haina hata povu moja. Nailoni ikitengenezwa inavutwa, na ikivutwa inapinda mwanga kama uchafu wa wale wadudu unavyofanya, tena kwa nguvu zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Kila tone lililowekwa pale lilikuwa na malaria ya nailoni. Wale tisa katika sitini ambao Pia alisema hawana walikuwa na tone zito tu lililozuia mwanga.

Na niliyeiweka ni mimi.

Nimerudi kusoma nilichoandika tarehe 2 Aprili. Nimeandika mvua. Nimeandika mihogo. Nimeandika mwavuli. Nailoni sikuandika, kwa sababu nani anaandika kwamba amekifunika kitu kipya? Kwetu rimoti ina nailoni tangu siku ya kununuliwa. Viti vya mama vina nailoni hadi leo, ukikaa unateleza. Pia alikuwa mpya, anakwenda kwenye tope na damu, nikamvalisha usiku wa kuamkia safari, nikamsugua kwa kitambaa hadi akang'aa. Kengele na Uji vilikwenda vituoni uchi kwa sababu hakuna aliyevipenda kiasi hicho.

Nilibandua ile nailoni kwa kucha. Nikaweka slaidi tupu. Hamna.

Deus angeweza kusema chochote. Alisema, "Twende tukale, hujala tangu asubuhi." Nimemchukia miezi miwili bila sababu ya maana.

Mei 17, Jumamosi

Nimetembea hadi mtoni na kurudi, mara mbili.

Ripoti inatakiwa Jumatatu. Ningeweza kuandika: "Takwimu za Namhala hazikutumika kutokana na mafuriko." Si uongo hata. Mafuriko yalikuwepo, sanduku lilichelewa, barabara ya Mofu ilikatika. Pia angebaki na tisini na nne zake za maabara, na betri yake, na fundi redio wa sokoni, na ninaamini angechaguliwa. Na anastahili! Bila ile nailoni Pia ni mashine nzuri kuliko zote kwa bonde hili, hilo nitalisema hadi naingia kaburini.

Lakini kama takwimu za Namhala hazipo, na slaidi za mzee hazipo. Barua yangu ndiyo itabaki. Atastaafu mapokezi, na kila mtu Namhala atajua kwamba mzee Fulgensi alikuwa haoni.

Deus hatasema, alishaniambia. "Hiyo ni yako." Afadhali angesema.

Mei 18, Jumapili

Sikwenda misa. Nimekwenda hospitali kumwona Siwema. Ametolewa oksijeni. Mama mkwe wake alikuwa amempakata mtoto, akanishukuru kwa kuja, akidhani mimi ni muuguzi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nimeweka machungwa juu ya meza nikatoka nimekimbia.

Mei 19

Nimemwambia Dr. Beatus yote. Nailoni, slaidi tupu, Siwema, kwamba mimi ndiye niliyemruhusu Dorika atumie mashine. Nikampa karatasi ya Agnella, mia moja na kumi na mbili kwa mia moja na kumi na mbili.

Hakupaza sauti. Alivua miwani. "Barua yako niliipeleka siku ileile," akasema. "Sikuuliza slaidi zimesomwa au la. Nilitaka na mimi Pia ishinde, Tekla. Kifaa cha hapa hapa. Nilishaanza kuwaambia watu."

Akaandika barua kwa wakubwa nikiwa nimekaa. Nilikaa kweli, kwa mara ya kwanza ofisini kwake.

Mei 23

Siwema ameruhusiwa. Safari hii nilimweleza yeye na mama mkwe wake, kila kitu. Mama mkwe akanitazama sana, akasema, "Kumbe," akambeba mtoto wakaenda stendi.

Mei 30

Uamuzi: Kengele. Itakwenda vituo vinne vyenye umeme. Zahanati zisizo na umeme zitabaki na hadubini. Siku kumi na nne za Pia bila nailoni zilikuwa safi, lakini siku kumi na nne hazitoshi kumtetea mtu yeyote. Deus alinipa mkono, hakutabasamu. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi.

Juni 6

Namhala. Nilisubiri asubuhi benchi lijae, watu kama thelathini, nikasimama mbele yao. Niliwaambia kwamba mashine iliyosema wana malaria ilikuwa na kosa, kwamba kosa ni langu, kwamba mzee Fulgensi alisoma kila slaidi sawa na mimi ndiye niliyeandika kwamba haoni.  Mtu mmoja nyuma akasema, "Sisi tulikunywa dawa chungu bure, dada," wengine wakacheka, nafuu kidogo.

Nikamgeukia mzee. "Baba, naomba unisamehe."

"Nimesikia," akasema. "Watu wanasubiri."

Barua ya kumrudisha ilikuwa imeshafika. Macho yake yamepimwa: mbali anaona kama kijana, karibu apewe miwani ya kusomea gazeti. Dorika akampa ufunguo wa hadubini mbele yetu sote, akapiga vigelegele peke yake.

Juni 13, Ijumaa

Nimekuja kumchukua Pia. Mavuno yamepamba moto, kila uwanja una mpunga umeanikwa, hata ngazi za zahanati.

Benchi limejaa kuliko nilivyowahi kuliona. Nilimuuliza Dorika kwa nini, ilhali mzee amerudi. Akanivuta pembeni. "Anasoma kila slaidi mara tatu," akasema kwa sauti ya chini. "Zamani mara moja, anaandika, imekwisha. Sasa akimaliza anarudia, akimaliza anarudia. Watu wengine wanaondoka."

Nilimkuta ameinama kwenye hadubini, miwani mipya ameipandisha kwenye paji la uso, midomo inahesabu. Nilisubiri. Nimejifunza. Alifika mia, akaandika sifuri kwenye karatasi, akaikata ile sifuri, akarudisha slaidi mwanzo. Alifika mia tena. Hakuandika kitu.

"Tekla."

"Naam, baba."

"Mimi naona hana." Akasogea na kiti chake, akaniachia nafasi. "Hebu angalia na wewe."

Dorika alikuwa mlangoni, akaweka mkono mdomoni. Nadhani kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kuitwa kwenye hadubini ile.

Niliinama. Niliangalia eneo moja baada ya jingine, polepole, hadi mia. Chembe za damu tu, safi.

"Hana, baba."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alifikiri. Kisha akavuta kiti, akainama, akaanza kuhesabu tena tangu moja.